Someni namba kabla ya koma

Kwa Mhariri,

Kuna ujumbe ambao kila anayefanya utafiti wa fizikia kuanzia Njoro hadi Maseno, Kakamega na Bondo ameuona. Huingia Ijumaa jioni kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara, umebeba faili la kurasa ishirini na kitu: "Wenzangu, naomba maoni yenu kufikia Jumapili. Jumatatu naipeleka kwa jarida." Kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, majibu yamejaa. Kazi safi. Hongera daktari. Vidole gumba vitano. Aliyejitahidi kuwashinda wote ameonyesha kwamba ukurasa wa tatu una koma isiyohitajika. Jumatatu makala inakwenda, na miezi kadhaa baadaye inarudi na mistari mitatu ya mhakiki: shaka ya vipimo (kiasi ambacho kila kipimo kinaweza kuwa kimekosea) imekokotolewa vibaya, hitimisho halina msingi, haifai kuchapishwa. Watu kumi na wanne walikuwa na faili hilo kwenye simu zao.

Tunaliandikia gazeti la Kiswahili kuhusu jambo hili, wala si jarida la wanafizikia, kwa kuwa hasara yake haimwangukii mwandishi peke yake. Udongo unaopimwa ni wa shamba la mtu. Maji ni ya kisima cha kijiji. Makala ikisema mionzi ya mahali fulani imepita kiwango, habari hufika redioni na sokoni kwa siku moja, na mwenye ploti hukosa mnunuzi kabla ya yeyote kuuliza kama hesabu ilikuwa sawa. Isitoshe, mwanafunzi wa uzamifu hapa nchini hutakiwa awe amechapisha kabla ya kufuzu, na haraka hiyo huwasukuma baadhi kwenye majarida ya kulipia yanayokubali makala kwa siku chache bila kuihakiki. Kwa makala ya namna hiyo, mwenzako wa ofisi ya jirani ndiye mhakiki wa kwanza na wa mwisho.

Sasa huyo mwenzako asome nini? Asianze na utangulizi. Utangulizi wa rasimu nyingi ni maneno aliyokwisha kukutana nayo mara hamsini, na akiumaliza atakuwa amechoka kabla ya kufika penye kazi. Aanze na michoro na majedwali, kisha aruke moja kwa moja hadi hitimisho, ajiulize: je, michoro hii inaweza kulibeba hitimisho hili? Baada ya hapo arudi kwenye mbinu. Utangulizi na ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo, visomwe mwisho. Dakika ishirini za usomaji wa namna hii huibua makosa ambayo saa tatu za kusahihisha sarufi haziyagusi.

Tuchukue mfano wa utafiti unaofanywa sana huku kwetu, wa mionzi asilia katika udongo. Vilima vya Homa, kule Homa Bay, vina miamba ya volkeno ya aina ya kabonatiti, na miamba hiyo mara nyingi hubeba thoriamu (elementi yenye mionzi) nyingi kuliko udongo wa kawaida, kwa hiyo ni mahali panapovutia wapimaji. Namba tutakazotaja za sampuli ni za mfano tu. Hazikutoka kwenye makala ya mtu yeyote.

Swali la kwanza ni namna sampuli ilivyoandaliwa. Udongo hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito wake usipungue tena, husagwa, huchekechwa kwa chekecheke ya milimita 2, hupimwa uzito, kisha hufungwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Rasimu ikisema tu "sampuli zilikaushwa", uliza zilikaushwa juani au tanurini. Udongo mfinyanzi uliochotwa msimu wa mvua ndefu na kuanikwa kwenye gazeti siku mbili bado umebeba maji, na maji hayo huongeza kilo bila kuongeza mionzi, hivyo kipimo kwa kila kilo hushuka.

Swali la pili ni muda uliopita tangu chombo kufungwa. Radoni-222, ambayo ni zao la radiamu, ni gesi, na udongo ukisagwa sehemu yake hutoroka. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu yake huoza, ni siku 3.8. Tukitaka kuipima radiamu kupitia bismuthi-214 iliyo baada ya radoni katika mnyororo wa kuoza, ambamo elementi moja hugeuka nyingine, lazima tungoje radoni ijae upya. Ndiyo asili ya zile wiki nne za kungoja zinazotajwa kila mahali: ni nusu-maisha saba na zaidi, na kilichotoroka kimerudi zaidi ya asilimia 99. Aliyengoja siku saba pekee amerudishiwa asilimia 72 tu. Wapo wanaoandika siku 28 kwa sababu makala ya mwaka jana iliandika hivyo, ilhali tarehe za jedwali lao zinaonyesha sampuli za mwisho zilipimwa siku ya kumi na moja. Mwenzako akilinganisha tarehe ya kufunga na tarehe ya kupima, safu kwa safu, atagundua hilo kwa dakika tano.

Rasimu nyingi huvunjikia kwenye hesabu ya shaka, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu huhesabu miale ya gama itokayo kwenye sampuli pamoja na ile inayotoka kwenye kuta, sakafu na angani, hata kikiwa ndani ya ngao ya madini ya risasi. Kwa hiyo hupimwa mara mbili: kwanza kikiwa na sampuli, halafu kikiwa na chombo kitupu cha aina ileile kwa muda uleule. Tuseme kilele cha sampuli, yaani pale kwenye nishati moja ambapo miale hujazana, kina hesabu 400, na cha chombo kitupu kina 361. Tofauti ni 39. Mwandishi anachukua kipeuo cha pili cha 39, anapata 6.2, anaandika 39 ± 6, na kutangaza kwamba thoriamu imeonekana waziwazi. Amekosea. Shaka ya tofauti hutoka kwenye hesabu zote mbili, si kwenye kilichobaki. Jumlisha 400 na 361 upate 761. Kipeuo chake cha pili ni karibu 28. Jibu la haki ni 39 ± 28, yaani kipimo kisichofika hata mara mbili ya shaka yake. Hapo hakuna ugunduzi. Kuna sampuli inayodai muda zaidi.

Muda zaidi kiasi gani? Shaka ikilinganishwa na kipimo hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo kuipunguza kwa nusu kunataka muda mara nne. Aliyehesabu kwa saa 10 atahesabu kwa saa 40, apate takriban 156 ± 55, na hapo walau kuna la kuzungumza. Saa 40 mfululizo na stima ya huku ni mtihani mwingine. Stima ikikatika na kurudi, au maabara ikipoa usiku na kupata joto la Kisumu la saa nane mchana, vilele vya kigunduzi cha aina hii husogea kutoka mahali pake. Msomaji aulize kama kilele cha potasiamu-40, ambacho makao yake ni kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya miale) 1,461, kilikaguliwa mwanzo na mwisho wa kila kipimo. Kama kimehama na mwandishi hakurekebisha, hesabu za dirisha zima la nishati zimechukuliwa mahali pasipofaa.

Hukohuko kwenye vilele kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Mwandishi amesoma makala ya watu wenye kigunduzi cha jemaniamu, akakuta wametumia kilele cha 609 kwa bismuthi-214, naye akatumia hichohicho. Iodidi ya sodiamu haina macho makali kiasi hicho. Upana wa kilele chake karibu na 662 ni kama asilimia 7, yaani zaidi ya kiloelektronivolti 40, na thaliamu-208 ya mnyororo wa thoriamu ina kilele chake kwenye 583, tofauti ya 26 tu. Vilele hivyo viwili humezana. Kwa kigunduzi hiki ni salama zaidi kutumia 1,764 kwa mnyororo wa uraniamu na 2,614 kwa wa thoriamu, ingawa hesabu huko juu ni chache na subira huhitajika. Maoni ya mstari mmoja, "Umetumia 609 kwa iodidi ya sodiamu, umeitoaje 583?", yana thamani kuliko hongera ishirini.

Halafu kuna ulinganisho na wastani wa dunia. Kila rasimu hutaka kusema imezidi wastani. Ripoti ya mwaka 2000 ya kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu athari za mionzi inatoa namba za aina mbili. Thamani za katikati, kwa bekereli (mwozo mmoja wa atomu kwa sekunde), ni 35 kwa kilo kwa radiamu, 30 kwa thoriamu na 400 kwa potasiamu. Wastani uliopewa uzito kulingana na idadi ya watu ni 32, 45 na 420. Sasa tazama: sampuli yenye thoriamu 40 imezidi kiwango cha kwanza na haikufikia cha pili. Mwandishi akichukua 30 ya huku na 420 ya kule, kama inavyotokea, amechagua bila kujua. Msomaji amtake ataje ni seti ipi, aitumie hiyohiyo kuanzia ikisiri hadi hitimisho, na aache neno "hatari" mpaka atakapokokotoa kipimo kinachohusu hatari.

Kipimo hicho kwa kawaida ni ulinganifu wa radiamu, yaani mionzi ya zote tatu ikihesabiwa kana kwamba ni ya radiamu: radiamu, jumlisha 1.43 mara thoriamu, jumlisha 0.077 mara potasiamu, na kikomo chake ni bekereli 370 kwa kilo. Hapa msomaji achukue kalamu. Achague safu mbili za jedwali na kuzikokotoa mwenyewe. Tuseme radiamu 60, thoriamu 120, potasiamu 500: 60 na 171.6 na 38.5, jumla 270. Jedwali likisema 259, mtu ameandika 1.34 badala ya 1.43 katika kompyuta, na safu zote zimeharibika kwa namna ileile. Kosa la aina hii halionekani kwa macho kwa sababu kila namba inaonekana ya kawaida. Kwa hiyo mwandishi atume faili la hesabu pamoja na rasimu. Anayetuma maandishi matupu ameficha jikoni na kuonyesha sahani.

Tarakimu nazo zinasema mengi. Anayeandika 41.3827 ± 5.6 anatuambia kwamba kompyuta ndiyo iliyoandika. Ni 41 ± 6, au 41.4 ± 5.6 kwa anayependa. Vilevile, alama ya ± bila maelezo haina maana: je, ni shaka ya kipimo kimoja, au mtawanyiko wa sampuli kumi za kijiji kizima? Hivi ni vitu viwili tofauti, na tumeona majedwali ambamo safu ya kwanza ina kimoja na safu ya pili ina kingine.

Kwenye michoro hatutakaa sana. Kila mhimili uwe na jina na kipimo. Kipimo cha nguvu ya jua kwa mita ya mraba kisichanganywe na jumla ya nishati ya siku nzima. Wati si wati-saa. Mstari ulionyooka uliopitishwa kwenye nukta nne na kusifiwa kwa R² (kipimo cha jinsi mstari unavyozifuata nukta) ya 0.99 haujathibitisha kitu. Na uchapishe mchoro kwa wino mweusi uone kama mistari mitano ya rangi bado inatofautika.

Rasimu za paneli za sola, ambazo Nakuru na Kisumu zimekuwa nyingi, zina kosa lake la pekee. Mwandishi anaeleza kwamba vumbi la barabara ya murram limepunguza nguvu ya paneli ya wati 100 kwa asilimia 14. Huenda ni kweli, lakini paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25, na saa saba mchana seli zake hufika nyuzi 60 bila shida. Nyuzi 35 mara 0.4 ni asilimia 14. Vumbi limesingiziwa kazi ya joto. Msomaji aulize kipimajoto kiligundishwa wapi; nyuma ya paneli, katikati, ndipo panapofaa, wala si kivulini kando ya stendi. Aulize kama paneli safi na yenye vumbi zilipimwa kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, kwa mwinamo uleule, na kama zilibadilishana nafasi ili tofauti za kiwandani zijulikane. Bila kubadilishana, huwezi kujua kama unapima vumbi au unapima paneli mbili zisizofanana.

Atakayesema kwamba haya ni makosa ya maabara maskini, atazame Ulaya. Septemba 2011 kikundi cha utafiti kilichoitwa OPERA kilitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, zilizotoka CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, zilifika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730, nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao nuru ingefika. Baadhi ya wanakikundi walikataa kuweka majina yao kwenye rasimu ile. Takwimu zilikuwa nzuri sana, shaka ya nasibu ilikuwa ndogo, na hesabu zilikuwa zimepitiwa tena na tena. Mapema mwaka 2012 ikabainika kwamba kiunganishi cha waya wa nuru uliobeba majira ya saa hakikukazwa vizuri. Kosa la namna hiyo ni la kimfumo: ukirudia kipimo mara elfu, litarudi mara elfu, na ± yako itapungua huku jibu likibaki palepale penye uwongo. Kwa hiyo mbali na kukagua hesabu, msomaji aombe picha au mchoro wa vifaa vyenyewe na kuuliza ni lini kila kimoja kililinganishwa na kipimo rasmi, na nani alikikaza. Programu za akili bandia, ambazo siku hizi wengi huzipa rasimu zao, hunyoosha Kiingereza vizuri. Waya uliolegea hazitauona.

Kuhusu mpango wenyewe, uzoefu wa wengi unaonyesha kwamba wasomaji watatu wanatosha, mradi kila mmoja apewe kazi yake. Wa kwanza awe wa fani hiyohiyo, asome mbinu. Wa pili awe wa fani jirani, kama mwanajiolojia kwa rasimu ya udongo. Yeye ndiye atakayesema kwamba sampuli tatu mlizoita za sehemu tofauti zimetoka kwenye mwamba mmoja. Wa tatu awe mwanafunzi wa uzamili mwenye kikokotoo. Wapewe siku kumi hadi kumi na nne, si wikendi. Rasimu iwe na namba za mistari, kwa sababu "pale chini ya mchoro, karibu na mwisho" si anwani. Iwe na tarehe kwenye jina la faili. Neno "mwisho" kwenye jina la faili limewaponza wengi, maana hufuatwa na "mwisho2" na "mwisho kabisa". Na mwandishi aandike maswali yake matatu au manne: Je, nimetoa hesabu za usuli (zile za chombo kitupu) ipasavyo? Je, Mchoro wa 4 unathibitisha ninachosema mstari wa 310? Anayeomba "maoni yoyote" hupata maoni ya koma.

Msomaji naye ayapange maoni yake kwa uzito. Yaliyo juu kabisa yawe yale yanayoweza kuiangusha makala, na hayo kwa kawaida hayazidi mawili au matatu. Yafuate yanayohitaji marekebisho. Sarufi iwe mwisho, au aachiwe mtu mwingine kabisa. Ukimpa mtu maoni sitini yenye uzito mmoja, atarekebisha hamsini na tano rahisi na kukuambia amemaliza. Kila oni liwe na mahali, tatizo na njia: "Mstari wa 188: shaka ya tofauti imechukuliwa kutoka 39 peke yake, tumia 400 na 361, kisha urekebishe Jedwali la 2 na sentensi ya pili ya ikisiri." Ikisiri husahaulika kila mara. Namba hurekebishwa kwenye jedwali, na ile ya zamani hubaki imeketi kwenye ikisiri, mahali ambapo kila mtu husoma.

Kuna jambo la heshima ambalo hatuwezi kulikwepa. Huku kwetu mtu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na Prof akishasema Mchoro wa 2 ni mzuri, hakuna mwanafunzi atakayefungua kinywa. Desturi hiyo hatutaki kuipiga vita. Inatosha kubadilisha utaratibu. Maoni yaandikwe na kutumwa kwa mtu mmoja mkusanyaji kabla ya kikao, na katika kikao mdogo aanze kusema, mkubwa amalizie. Vilevile lugha ielekezwe kwenye karatasi: "Jedwali halionyeshi" badala ya "hukuonyesha".

Wanaodhani mwanafunzi hana la kusema wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanzania, aliona mchanganyiko wa maziwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa, na mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule aliyokuwa akisomea wakati huo. Wenzake walicheka. Osborne aliagiza jambo hilo lijaribiwe maabarani, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa kiasi cha sentimita moja ndani ya maji kunaweza kutoa matokeo yanayofanana na hayo bila kuwapo kwa jambo lenyewe. Kwa hiyo swali la mwanafunzi lilistahili kusikilizwa, na mahali pa kipimajoto palistahili kuandikwa. Msomaji wa rasimu anapouliza "kipimajoto kilikuwa wapi?" hachokozi mtu.

Lugha ya majarida ni Kiingereza, na Kiingereza cha kisayansi ni pazia zuri la kujifichia. Kuna njia moja rahisi ya kulifunua. Kabla ya kikao, mwandishi asimulie matokeo yake kwa Kiswahili kwa dakika tatu, bila karatasi: nilipima nini, kwa kifaa gani, nikapata ngapi, shaka ngapi, kwa hiyo nini. Sentensi inayogoma kutoka kwa Kiswahili mara nyingi haikuwa na kitu hata kwa Kiingereza. Na kama sampuli zilitoka kwenye boma za watu wa Homa Bay au Migori, maelezo hayohayo ndiyo mwandishi atakayodaiwa siku watu hao watakapouliza udongo wao ulikuwa na nini.

Mwandishi akishapokea maoni, asijibu siku hiyohiyo. Nyani haoni kundule, na anayeonyeshwa hukasirika kwanza. Hata Albert Einstein alikasirika. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review la Marekani makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano (ya graviti) hayapo. Mhariri aliipeleka kwa mhakiki, ambaye alionyesha kosa. Einstein alijibu kwamba hakuwa ameruhusu ionyeshwe kwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Mhakiki huyo, Howard Robertson, baadaye alimweleza kosa hilo msaidizi wa Einstein mezani, kirafiki, na makala ilipotoka mwaka 1937 kwenye jarida jingine, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Mawimbi hayo yalinaswa Septemba 2015. Kosa alilolikataa lilipoandikwa na mtu asiyemjua, alilikubali lilipofika kwake kupitia mwenzake.

Baada ya hasira kupoa, aandae jedwali la safu tatu: oni, alichofanya, na mahali kilipo sasa. Asiyekubaliana na oni aseme hivyo na atoe sababu. Hilo ni jibu halali. Kisichokubalika ni kunyamaza, maana aliyetumia jioni mbili kukokotoa safu zako na hakupata hata neno hatasoma rasimu yako ijayo. Jedwali hilo litamfaa tena, kwani jarida likirudi na maswali ya wahakiki, nusu yake atakuta alishayajibu.

Limebaki la majina. Kusoma rasimu na kuonyesha kosa hakumfanyi mtu mwandishi mwenza, hata awe mkuu wa idara. Aliyebuni jaribio, aliyepima, aliyechanganua, aliyeandika, hao ndio waandishi. Msomaji hutajwa kwenye shukrani kwa kazi mahususi aliyoifanya, kwa mfano kukagua hesabu za usuli, na huombwa ruhusa kabla jina lake halijawekwa, kwa sababu huenda bado hakubaliani na Mchoro wa 4.

Wahadhiri wawili wa fizikia,
Kisumu